Kifaranga anapanua miguu kama chura, siku ya nne sasa. Nimfunge, nimpe dawa, ao nimuache?

1. MamaWaMugunga
Yambo wote. Kuku wangu ametotoa tisa kati ya mayai kumi na moja. Nane wanakimbia kama wamechelewa shule. Huyu wa tisa ana siku nne na hajasimama hata mara moja. Mguu mmoja unakwenda kulia, mwingine kushoto, tumbo liko chini. Akitaka kusogea anasukuma na mguu wa kuume peke yake, anaishia kuzunguka pale pale. Nikimletea chakula anakula, nikimchovya mdomo anakunywa, macho yako wazi, na kwa kelele anawashinda wote. Mama yake amemkanyaga mara mbili, juzi nikamtoa nikamuweka ndani kwenye kartoni. Chini nimetandika balatum, ile plastiki ya sakafuni, kwa sababu ni rahisi kuosha. Jirani anasema nimkate shingo tu, eti hata akipona hatanifaa kitu. Mwanangu wa miaka saba alisikia, tangu jana hanisemeshi. Nani amewahi kupitia hii?

2. KukuBoss243
Mama, umejijibu mwenyewe: balatum. Kifaranga mifupa yake bado laini, misuli haijakaza. Ukimuweka penye kuteleza miguu inakimbia pembeni, na siku mbili tatu tu nyonga zinazoea hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza sita kwa kuwatandikia kartoni laini. Toa hiyo plastiki leo leo, weka gunia ao taulo kuukuu. Maranda ya mbao ni mazuri zaidi, ila siku za kwanza funika na kitambaa, wasije wakayala wakidhani ni chakula.

3. Bidoni_Jaune
Balatum sawa, lakini hujasema joto. Goma tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, usiku wa hapa siyo usiku wa Kindu. Wiki ya kwanza kifaranga anataka digri 32 hadi 35, kisha kila wiki unashusha kama 3. Akishikwa na baridi hali chakula, na asiyekula hasimami. Mimi umeme ukikatika nachukua bidoni ya lita tano, maji moto, naifunga kitenge, naiweka upande mmoja wa kartoni. Upande mmoja, nasema! Anayesikia joto apate pa kukimbilia. Huyo wako hakimbii, kwa hiyo wewe njo utamsogeza.

4. MamaWaMugunga
Aksanti. Usiku nawasha mbabula, jiko letu la makaa, chumbani, kartoni iko karibu, naiacha mpaka makala yaishe.

5. Bidoni_Jaune
Mama weee! Mbabula, chumbani, usiku, mlango umefungwa? Sahau kifaranga kwanza. Hewa ya makala haina harufu, mnalala nayo wote na hamuamki. Toa mbabula nje SASA ndipo tuendelee na kuku.

6. NyotaKadutu
Bidoni kasema. Mimi niko Bukavu, nimefunga vifaranga wanne wa hivyo, watatu wametembea. Kata sparadra, ile plasta ya kufungia vidonda, upana wa nusu sentimita, urefu kama nane. Zungusha kwenye mguu mmoja, kati ya vidole na goti, gundi ijishike yenyewe isishike ngozi, halafu mguu wa pili vivyo hivyo. Katikati pabaki sentimita mbili na nusu hivi, upana wa kidole gumba cha mwanaume. Miguu iwe chini ya mwili, kama anavyosimama kuku mzima. Usiibananishe.

Wa kwanza nilimfunga, akaanguka kifudifudi, mdomo kwenye gunia, kimya. Nikasema basi, nimemuua. Baada ya robo saa nasikia tap tap, anaruka kama mfungwa mwenye pingu. Siku ya tatu nikafungua. Kila asubuhi utazame vidole: vikivimba ao kubadilika rangi, legeza. Na kisahani cha maji kijaze vijiwe, juu akidumbukia na pingu zake hatatoka.

7. Lushois_Katuba
Bale banasema balatum, basome tena poste ya kwanza. Mama anasema mutoto wa kuku HAJASIMAMA hata mara moya, na mu kartoni alimutia juzi. Ana siku ine. Donc alikuwa hivyo mbele ya balatum. Mi naona ni chakula ya mama yake. Kuku akikula mahindi tu, yai inakosa vitamini B2, mutoto anatoka bila nguvu. Huku kwetu Lubumbashi bengi banalisha bunga na makombo, kisha banalia. Yaya, nunua B komplekse ku farmasi, tia mu maji.

8. KukuBoss243
Lushois ana haki kwenye tarehe, nilisoma mbio mbio. Lakini hata kama balatum haikuleta ugonjwa, inaukuza. Sijarudi nyuma, nimesogea pembeni kidogo kama huyo kifaranga.

9. MwanafunziAgro
Lushois, B2 ina alama zake. Vidole vinajikunja kwa ndani kama ngumi, kifaranga anatembea kwa kukalia visigino, na mara nyingi unaanza kuona kwenye wiki ya pili, chakula chenyewe kikiwa hafifu. Mama akiikosa sana, wengi wanafia ndani ya yai, na wanaototolewa manyoya yao yanakuwa mafupi yamejisokota vifundo vifundo. Mama Mugunga, vidole vya huyo vimenyooka ao vimekunjwa? Hilo swali moja linaweza kutuokoa kurasa tatu.

10. Muzee_wa_Birere
Nyinyi watoto munaandika sana. Mguu moja huku, moja kule, huo ni Marek. Hauna dawa. Muchome moto, mukamwage chokaa pale alipolala, kisha mupike wengine mbele hawajashikwa.

11. DaktariNgombe_Sake
Muzee, shikamoo, lakini hapana. Marek ni virusi, vimepewa jina la József Marek, mganga wa wanyama wa Hungaria aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1907. Haudondoshi kifaranga wa siku nne. Unakaa mwilini kwanza, kupooza kunaonekana kuanzia wiki ya tatu ao ya nne, mara nyingi baadaye kabisa, kuku ameshakuwa kijana. Hapo njo unaona mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma. Na kweli hauna dawa, una chanjo, inayodungwa siku ya kwanza kule wanakototolesha kwa mashine. Hawa wa nyumbani hawaipati, ndiyo maana Muzee ameuona mara nyingi.

Mama, mshike mkononi, tumbo juu. Papasa kile kiungo Nyota anachokiita goti. Siyo goti, ni kifundo cha mguu, goti la kuku limejificha kwenye manyoya. Kama nyuma yake kuna kamba iliyohama pembeni na pamevimba, hiyo ni kano imeteleza, na mara nyingi inatokana na kukosa manganizi ao kolini. Sparadra haitasaidia hapo. Kisha bonyeza mdomo taratibu: ukipinda kama mpira, ni mifupa laini, vitamini D na kalsiamu, ingawa kwa siku nne ni mapema. Tazama na kitovu: kikiwa kimelowa ao kinanuka, basi ni vijidudu, na hapo hata miguu ikinyooka hafiki Jumapili.

12. Muzee_wa_Birere
Marahaba. Daktari wa ng'ombe anatufundisha kuku, kesho atatufundisha samaki sambaza. Mimi nimefuga tangu zamani ya Zaire. Haya, kama siyo Marek, fungua kidonge kimoja cha tetra, nusu kwenye maji, jioni anatembea.

13. DaktariNgombe_Sake
Muzee, hiyo tetra ni ya mtu wa kilo sitini. Kifaranga huyo hafiki gramu mia. Na tetrasikilini hunyoosha mguu wa nani? Tena ukizidisha inashikana na kalsiamu, ile ile anayoihitaji kwenye mifupa. Jina la ng'ombe nilipewa na wanakijiji, sikulichagua.

14. MamaWaMugunga
Mbabula imetoka nje, mniache nipumue. Nimempapasa: vidole vimenyooka, kifundo hakina kamba iliyohama, mdomo mgumu (ameniuma), kitovu kikavu ila kina kigaga kikubwa kuliko cha wenzake. Balatum nimetoa, nimeweka gunia la maharagwe. Sparadra nimefunga saa nne asubuhi, mtoto akashika, mimi nikakata. Alilala upande kama Nyota alivyosema, moyo ulinipasuka. Sasa anasukumasukuma. B komplekse nimepata ya maji, nimetia matone matatu kwenye kikombe kidogo. Na mwanangu amerudisha maneno: amempa jina. Anaitwa Chukudu.

15. KukuBoss243
Chukudu! Kwa nini?

16. MamaWaMugunga
Anasema waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaweka goti moja juu ya mbao na kusukuma barabara kwa mguu mmoja. Ndivyo huyu anavyotembea. Sikuwa na la kumjibu.

17. Bidoni_Jaune
Mtoto ana akili kutuzidi wote humu. Akipona mchukueni picha pale rond-point Chukudu, chini ya sanamu.

18. SambazaMoto
Samahani nimechelewa. Mama, Mugunga ipi? Upande wa barabara ao upande wa Lac Vert na Bulengo? Na kuku analalia wapi? Kama ni kwenye kishimo cha mawe ya volkano, mimi nafikiria mazuku. Ile hewa ni nzito, inatoka ardhini, inajaa mashimoni usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi wanakufa, mtu aliyesimama hasikii kitu. Sasa kifaranga kichwa chake kiko sentimita tano toka chini! Kwa shemeji yangu walikuwa wanaokota njiwa na panya wamekufa kwenye shimo moja kila asubuhi, na hakuna aliyewagusa.

19. MamaWaMugunga
Upande wa Lac Vert. Kiota kiko nyuma ya jiko, kwenye pembe ya ukuta wa mawe, ni chini kidogo, ndiyo.

20. Lushois_Katuba
Tunatoka ku vitamini, tunaingia mu volkano. Huku kwetu kuku bakilemaa tunalaumu vumbi ya shaba, kila muji na muchawi yake.

21. MwanafunziAgro
Mazuku ni kweli ipo, na watu wa OVG, wale wachunguzi wa volkano wa Goma, wameipima sehemu hizo, siichezei. Lakini ni gesi ya kaboni dioksidi, inaua kwa kukosesha pumzi. Ingekuwa imefika kiotani ingeanza na wote tisa, na mama yao aliyekaa pale siku 21 bila kuondoka. Haichagui mmoja ikampanua miguu.

22. SambazaMoto
Inategemea aliyekuwa chini kabisa ya wenzake.

23. MwanafunziAgro
Inategemea, sawa. Ila asingepiga kelele kuliko wote.

24. Papa_Siterne
Na maji? Wengi Mugunga tunakunywa ya mvua toka kwenye bati. Mvua ikipita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo inabeba floridi, watoto wa Rusayo meno yao yana madoa ya kahawia juu ya hiyo. Floridi inaharibu mifupa pia. Kuku anakunywa miezi, yai linabeba…

25. KukuBoss243
Papa Siterne, kuku hana meno.

26. Papa_Siterne
Nimesema mifupa!

27. DaktariNgombe_Sake
Mifupa ndiyo, kwa kuzidisha na kwa muda mrefu. Lakini hapo tena, ndugu zake nane wametoka kwa mama yule yule na maji yale yale. Kila mkitaja kitu kinachogusa nyumba nzima, mnaongeza swali la kwa nini huyu mmoja. Mimi ningeuliza alikaaje ndani ya yai na alitokaje. Mama, alitoka siku moja na wengine?

28. Bibi_wa_Masisi
Kwetu tunapaka mafuta ya ng'ombe yaliyo moto kidogo, unakanda nyonga asubuhi na jioni, kisha unamuweka kwenye kikombe, miguu chini, kitambaa pembeni, anakaa kama mtu kwenye kiti. Nusu saa. Nimeponyesha wengi, bila sparadra. Wakati wa volkano, Mei 27, 2021, nilikimbia Goma na mmoja kwenye kikombe namna hiyo, kikombe ndani ya kikapu, kikapu kichwani, mpaka Sake kwa mguu. Watu wanaokoa televizyo, mimi kifaranga. Aliishi, akataga, mkwe wangu akamla.

29. Bidoni_Jaune
Bibi, volkano ililipuka Mei 22, Jumamosi jioni. Tarehe 27 ni ile siku walipotuamuru tutoke mjini. Nakumbuka juu bidoni zangu zote nilizipoteza njiani. Ila kikombe ni kweli, na mimi natumia.

30. Bibi_wa_Masisi
Nimesema nilikimbia tarehe 27. Sikusema volkano ilikimbia.

31. NyotaKadutu
Bibi 1, Bidoni 0. Kikombe kinasaidia kwa dakika chache akiwa na sparadra yake, nyonga zinapumzika. Ila mafuta mengi yanashikanisha manyoya, anapata baridi. Kidogo kwenye kidole tu.

32. MamaWaMugunga
Daktari ameuliza, nilikuwa naogopa kusema. Hakutoka siku moja na wengine. Wanane walitoka siku ya 21, mama akashuka nao, akaacha mayai matatu. Mawili yalikuwa yamekufa. La tatu nililiweka sikioni, nikasikia kitu kinagonga. Nikalifunga kwenye kitambaa karibu na mbabula, nageuza geuza. Siku ya 22 jioni kulikuwa na tundu dogo tu, siku ya 23 asubuhi tundu ni lile lile, analia humo ndani. Nikamenya. Kulikuwa na damu kidogo. Nilidhani namsaidia.

33. KukuBoss243
Aaah. Poste ya 32 ndiyo tunapata habari! Tumepanda volkano bure.

34. MwanafunziAgro
Basi hapo njo penyewe. Siku za mwisho mayai yanataka joto la 37.5 na unyevu. Kwenye kitambaa kando ya makala upande mmoja unaiva, mwingine unapoa, na ile ngozi ya ndani inakauka na kumbana. Halafu kutoboa tundu na kutoka siyo kazi ya saa moja, ni nusu siku ao siku nzima, humo anamalizia kuvuta kiini tumboni na damu inarudi mwilini. Ukimenya mapema unaona damu, kitovu kinabaki na kigaga. Ndicho hicho alichokisema kwenye namba 14. Na misuli ya miguu inapata zoezi lake la kwanza pale anaposukuma ganda. Huyu hakusukuma.

35. NyotaKadutu
Ao kinyume chake: hakusukuma kwa sababu miguu ilikuwa mibaya tangu ndani. Ungemuacha angekufa na yale mawili. Mimi nimemenya watatu maishani, mmoja alikufa, wawili wanataga. Mama usijilaumu.

36. DaktariNgombe_Sake
Vyote viwili vinawezekana, na kwa kumtazama tu huwezi kutofautisha. Aliyelala vibaya ndani ya yai, kichwa ao mguu mahali pasipo pake, anashindwa kutoka, na akitolewa anakuwa na miguu hiyo hiyo.

37. Lushois_Katuba
Na ile asiyekula B2 pia anakosa nguvu ya kutoboa. Sijaacha.

38. Muzee_wa_Birere
Tulipokuwa vijana kuku alitotoa peke yake, hakuna mutu aliweka yai sikioni.

39. MamaWaMugunga
Habari za siku ya nne tangu nimfunge. Jana asubuhi nilikata sparadra kwa mkasi wa kucha, mkono unatetemeka. Alikaa chini kama dakika mbili, anatazama miguu yake. Kisha akaisogeza yote miwili chini ya tumbo, akajiinua, akasimama. Mguu wa kushoto bado unapotoka, akikimbia kiuno kinayumba, kama mtu mwenye kiatu kimoja. Lakini anakimbia. Ameanguka kwenye kisahani, vijiwe vikamuokoa.

Sasa kila mtu humu atadai ushindi, na mimi siwezi kusema ni nini kilichofanya kazi. Nilifanya yote kwa pamoja: gunia, sparadra, B, bidoni ya moto, kikombe cha Bibi na mafuta kidogo, na kiini cha yai la kuchemsha nikichanganya na unga wa sambaza kavu. Na SambazaMoto, nilishusha mshumaa kiotani alfajiri kama watu wanavyopima. Haukuzimika. Kwenye kishimo nyuma ya choo ulizimika mara mbili.

40. SambazaMoto
HAPO! Jaza hicho kishimo mawe na udongo leo, watoto wasicheze pale. Hata kama siyo cha kifaranga.

41. Papa_Siterne
Ao ulikuwa upepo.

42. SambazaMoto
Mara mbili, papa?

43. KukuBoss243
Ni gunia. Asante, nimemaliza.

44. Lushois_Katuba
B komplekse. Murudie poste ya 7.

45. Bidoni_Jaune
Mama yake amempokea? Maana hapo ndipo wengi wanafia, akirudishwa wanamdonoa.

46. MamaWaMugunga
Mchana alimdonoa, nikamtoa. Usiku wakiwa wamelala, giza kabisa, nilimsukuma chini ya ubawa kama nilivyosoma humu zamani. Asubuhi walikuwa tisa, hakuna aliyehesabu. Mwanangu amemfunga uzi mwekundu mguuni tumtambue, ingawa kwa kutembea tu unamjua.

47. DaktariNgombe_Sake
Uzi uwe mlegevu, mguu unanenepa kila siku. Na akifika wiki ya sita mguu ukaanza tena, uniite, huenda Muzee akapata haki yake.

48. Muzee_wa_Birere
Nangoja.

49. Mgeni_Himbi
Yambo, nimejiunga leo. Nina bata wa wiki mbili, miguu mizuri, lakini shingo inatazama mbinguni siku nzima. Nimpe nini?

50. KukuBoss243
Balatum uko nayo?